Samoni wa Asili na Mto Wao: Mwongozo kwa Vikundi vya Kijamii vya Uhifadhi

Kikundi cha kijamii kinachoamua kulinda samoni wa asili hukutana mapema na kishawishi kimoja, nacho ni kununua vifaranga kutoka kituo cha kutotoleshea samaki na kuwamwaga mtoni. Kazi hiyo huonekana, huwakusanya watu, na humfanya kila mshiriki ajione ametenda jambo. Hata hivyo, samoni hawapungui kwa kukosa mayai. Jike mmoja hutaga mayai elfu kadhaa kwa msimu, na majike wachache tu huweza kukijaza kijito vifaranga iwapo kijito hicho ni kizima. Wanapungua kwa sababu safari yao, inayoanzia kwenye changarawe ya kijito, ikafika baharini na kurejea palepale, imekatwa, imepashwa joto au imezibwa na tope mahali fulani. Kazi ya msingi ya kikundi ni kupatafuta mahali hapo na kuparekebisha. Mengine yote, ikiwemo kuongeza vifaranga, huja baadaye au hayahitajiki kabisa.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya watu wanaoishi kando ya mito ya samoni, iwe ni ile inayoingia bahari ya Pasifiki kuanzia California hadi Alaska, Kamchatka na Japani, au ile ya Atlantiki ya Kaskazini, kuanzia Maine na mashariki ya Kanada hadi Uskoti, Aislandi na Norwei. Sheria na vibali hutofautiana kutoka nchi hadi nchi, lakini mahitaji ya samaki mwenyewe hayatofautiani sana.

Mahitaji ya samaki katika kila hatua

Katika msimu wa vuli, jike hulala ubavu juu ya changarawe na kuipiga kwa mkia wake hadi shimo litokee. Hutaga humo, dume akayarutubisha mayai, kisha jike husogea kidogo upande wa juu na kuchimba tena, na changarawe anayoirusha huyafunika mayai ya kwanza. Mayai hayo hubaki chini ya mawe miezi kadhaa ya baridi, yakitegemea maji baridi yenye oksijeni yanayopenya katikati ya kokoto. Tope laini likitua juu yake, maji hayapenyi tena na mayai hufa bila mtu yeyote kuona. Yakianguliwa, viumbe wadogo wenye kifuko cha kiini tumboni huendelea kujificha changaraweni, na hutoka nje wakati wa machipuko wakiwa vifaranga wanaotafuta chakula wenyewe.

Kuanzia hapo aina huachana njia. Samoni wa waridi huelekea baharini karibu mara moja na hurudi akiwa na umri wa miaka 2. Samoni koho hukaa kijitoni takriban mwaka mzima au zaidi, kwa hiyo huhitaji kivuli wakati wa kiangazi na maji yaliyotulia ya pembeni wakati wa mafuriko ya majira ya baridi. Samoni sokai wengi huhitaji ziwa. Samoni wa Atlantiki huweza kukaa mtoni miaka kadhaa, na tofauti na samoni wengi wa Pasifiki, ambao hufa baada ya kutaga, baadhi yao hunusurika, hurudi baharini na kuja kutaga tena. Wote huiongoza safari ya kurudi kwa harufu ya maji walimokulia, na ndiyo maana kila kijito huwa na ukoo wake wa samaki ambao wamezoea baridi yake, kina chake na majira yake. Ukoo huo ukipotea, samaki wa kijito kingine hawazibi pengo lake kwa urahisi.

Kikundi kikizielewa hatua hizi, kinaweza kujiuliza swali lenye manufaa kuliko yote: katika mto wetu, samaki wanafia katika hatua ipi? Mto ambao wazazi hufika wengi lakini vifaranga hawaonekani una tatizo tofauti kabisa na mto ambao vifaranga wamejaa lakini wazazi hawarudi.

Kuujua mto kabla ya kuugusa

Tumieni angalau mwaka mmoja kuutembea mto, na katika mwaka huo msichimbe wala kujenga chochote. Pateni ramani ya bonde zima, kuanzia vyanzo hadi mdomoni, kisha mgawane vipande ili kila watu wawili wawe na kipande chao wanachokirudia. Pigeni picha kutoka sehemu zilezile kila msimu. Andikeni kila kalavati, kila ukuta unaozuia maji, kila mfereji unaochota maji, kila mahali ng'ombe wanapokunywa, na kila ukingo ulio mtupu bila miti. Wazee waliovua mto huo zamani waulizwe ni wapi samaki walikuwa wakitagia, kwa sababu mara nyingi kijito ambacho leo kinaonekana hakina maana ndicho kilichokuwa kitalu cha mto mzima.

Kuhesabu samaki wanaotaga ndiko kunakoipa jamii taarifa ya thamani kubwa zaidi, na watu wa kujitolea wanaweza kukufanya vizuri wakifundishwa. Wahesabuji hutembea wawili wawili, mara moja kwa juma au kila baada ya siku kumi katika msimu wote wa kutaga, wakiwa wamevaa miwani inayokata mng'ao wa jua juu ya maji. Kiota cha samoni hutambulika kwa kiraka cha changarawe iliyo safi na nyeupe kuliko mawe ya jirani, chenye shimo upande wa juu wa mkondo na kilima kidogo upande wa chini. Mayai yamo ndani ya kilima hicho, wala hayamo shimoni, kwa hiyo mtu asiyejua huweza kuliruka shimo kwa uangalifu na kukanyaga kizazi kizima kwa hatua inayofuata. Njia salama ni kutembea ukingoni, na panapolazimu kuvuka, kuvukia kwenye miamba au mawe makubwa.

Kila kiota kipya hufungiwa utepe kwenye tawi lililo karibu, wenye tarehe na namba, ili juma lifuatalo kisihesabiwe tena. Mizoga nayo huhesabiwa: hupimwa urefu, huangaliwa kama jike alimaliza mayai yake kabla ya kufa, kisha hukatwa mkia ili ijulikane kwamba imeshaandikwa, na hurudishwa majini pale ilipookotwa. Usafi wa mto usiwe sababu ya kuizoa. Samoni hukua baharini, na anapofia kijitoni huleta naitrojeni na virutubisho vingine ambavyo mto wenyewe hauna. Wadudu wa majini huila mizoga hiyo, vifaranga huwala wadudu, na dubu na tai hubeba mabaki hadi msituni ambako mizizi ya miti huyanyonya.

Jambo jingine la kuangalia kwenye mzoga au samaki aliye hai ni pezi dogo la nyama lililo mgongoni, karibu na mkia. Katika vituo vingi vya Amerika ya Kaskazini pezi hilo hukatwa kabla ya vifaranga kuachiliwa. Samaki asiye nalo alitoka kituoni. Mwenye nalo huenda ni wa asili. Uwiano kati ya makundi hayo mawili uandikwe kila mwaka.

Vipimo vya maji havihitaji maabara kubwa. Vifaa vidogo vya kurekodi joto, vinavyofungwa kwenye mawe au mizizi penye kivuli na kuachwa kiangazi chote, hueleza zaidi kuliko vipimo vya mara moja moja, kwa kuwa kinachowaua samaki ni saa za alasiri za siku zenye joto kali. Ongezeni kipimo cha oksijeni na cha utope wa maji baada ya mvua. Halafu pindueni mawe. Chini ya jiwe la mto mzuri mtawaona wadudu wachanga waliobapa wenye nyuzi mbili au tatu mkiani, na wengine waliojijengea vijumba vya chembe za mchanga zilizogandishwa moja moja kama matofali. Wadudu hao ni chakula cha vifaranga na hawavumilii maji machafu, kwa hiyo wakitoweka ghafla chini ya bomba fulani, mmeshapata pa kuanzia.

Kulinda palipo pazima kwanza

Vikundi vingi hukimbilia kipande cha mto kilichoharibika zaidi kwa sababu ndicho kinachotia huruma. Kwa maoni yangu huo ni mpangilio uliopinduliwa. Kijito chenye msitu kingoni, changarawe safi na maji baridi kinalinda samaki leo, bila gharama ya ujenzi, na kikiharibiwa huchukua miongo kukirudisha. Kwa hiyo juhudi za kwanza zielekee huko: kuzungumza na mwenye ardhi kabla hajauza, kutafuta makubaliano ya kudumu yanayozuia ukataji miti kingoni, au kununua ardhi hiyo kupitia taasisi ya hifadhi ya ardhi. Baada ya hapo hufuata kuunganisha tena sehemu nzuri zilizotengwa na vizuizi, na mwisho kabisa kukarabati sehemu zilizoharibika.

Ulinzi wa namna hii huweza kuwa mkubwa mno. Katika Bristol Bay, Alaska, ambako hurudi samoni sokai wengi kuliko mahali pengine popote duniani, makabila ya wenyeji, wavuvi wa biashara na wenye kambi za utalii waliungana kupinga mgodi wa shaba na dhahabu uitwao Pebble, uliokusudiwa kuchimbwa kwenye vyanzo vya mito hiyo. Makabila yaliiomba serikali ya Marekani kuingilia kati mwaka 2010. Januari 2023, Shirika la Hifadhi ya Mazingira la nchi hiyo lilitumia sheria ya maji safi kuzuia taka za mgodi huo kutupwa katika mito na ardhi oevu za eneo hilo. Katika kiangazi cha mwaka 2022, miezi michache kabla ya uamuzi huo, samoni sokai zaidi ya milioni 70 walikuwa wamerejea katika ghuba hiyo.

Kuondoa vizuizi

Kizuizi kinachosahauliwa kuliko vyote ni kalavati la barabara ndogo. Simameni upande wa chini na mtazame mdomo wake. Iwapo maji yanadondoka kutoka kwenye bomba kwenda kwenye dimbwi, huenda samaki mkubwa akaruka, lakini mdondoko wa sentimita 30 tu humzuia kifaranga anayetafuta pa kujificha kabla ya mafuriko. Iwapo bomba ni jembamba kuliko mto, maji hukaza mwendo ndani yake hadi samaki huchoka kabla ya kufika upande wa pili. Na iwapo maji yanatandazwa juu ya sakafu ya zege bila kina, samaki hukwama ubavu ukiwa nje. Pimeni mdondoko, upana wa bomba, upana wa mto wakati umejaa, na urefu wa kijito kilicho juu ya kalavati. Kipimo hicho cha mwisho ndicho kinachoamua ni lipi litengenezwe kwanza, kwani haina maana kutumia fedha nyingi kufungua mita chache ilhali kalavati la jirani limefunga kilomita nyingi. Badala yake huwekwa daraja au tao pana kuliko mto wenyewe, lenye sakafu ya changarawe ya asili.

Kalavati moja moja huonekana jambo dogo, lakini katika jimbo la Washington lilifika hadi mahakama ya juu kabisa. Mikataba iliyotiwa saini katika karne ya 19 iliwahakikishia watu wa makabila ya huko haki ya kuvua, na makabila 21 yalidai kwamba haki ya kuvua haina maana ikiwa barabara za jimbo zimewafungia samaki njia. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu ya Marekani iligawanyika kura 4 kwa 4, na kwa hiyo hukumu ya chini iliyolitaka jimbo kuyatengeneza makalavati hayo ikabaki. Msingi wa kesi hiyo ulijengwa na hukumu ya mwaka 1974, iliyotokana na miaka mingi ya wavuvi wa makabila kukamatwa wakivua katika mito yao, akiwemo Billy Frank Mdogo wa kabila la Nisqually, ambaye baadaye aliongoza kwa miaka mingi tume ya uvuvi ya makabila ya kaskazini magharibi. Kikundi chochote kinachofanya kazi kwenye mto wenye wenyeji wa asili hakina budi kwenda kwao kwanza, kwa sababu mara nyingi wana haki za kisheria, wataalamu wao wa samaki, na kumbukumbu ya mto inayozidi ile ya ofisi yoyote.

Mabwawa makubwa ni vita vya muda mrefu, lakini watu wa kawaida wamevishinda zaidi ya mara moja. Mto Elwha, katika jimbo la Washington, ulifungwa na mabwawa mawili, la kwanza likikamilika mwaka 1913, takriban kilomita 8 tu kutoka baharini, na la pili mwaka 1927. Kabila la Lower Elwha Klallam halikuacha kudai mto wake. Ubomoaji ulianza mwaka 2011 na kukamilika mwaka 2014, na mwaka 2023 kabila hilo liliweza kufungua tena uvuvi mdogo wa koho kwa ajili ya ibada na chakula. Kwenye mto Klamath, unaopita majimbo ya Oregon na California, vifo vya makumi ya maelfu ya samoni mwezi Septemba 2002 viliwaunganisha Wayurok, Wakaruk na makabila mengine katika kampeni iliyodumu zaidi ya miaka 20. Mabwawa manne yaliondolewa kufikia mwaka 2024, na majuma machache tu baadaye samoni chinuki walionekana juu ya mahali yalipokuwa. Huko Maine, kwenye mto Penobscot, njia ilikuwa tofauti: kabila la Penobscot na mashirika ya uhifadhi waliyanunua mabwawa kutoka kwa kampuni, wakaondoa mawili mwaka 2012 na 2013, na makubaliano yakaruhusu umeme uongezwe katika mabwawa mengine ili uzalishaji usipungue. Kwa kikundi kidogo, funzo la kazi hapa ni kuuliza mapema leseni ya bwawa inaisha lini. Wakati wa kuomba leseni upya, mwenye bwawa huweza kulazimishwa kujenga njia ya samaki, na gharama hiyo huweza kuifanya njia ya kubomoa kuwa rahisi kwake.

Kivuli, miti na maji baridi

Samoni hustawi katika maji baridi. Mayai huhitaji maji yaliyo chini ya nyuzi 12 hivi za Selsiasi, vifaranga huanza kutaabika joto likivuka nyuzi 18, wazazi wanaosafiri husita au kuugua linapozidi nyuzi 20, na karibu na nyuzi 25 wengi hufa. Katika kiangazi cha mwaka 2015, samoni sokai wapatao 250,000 walikufa katika mto Columbia, kaskazini magharibi mwa Marekani, na matawi yake kwa sababu ya maji ya moto, wakiwa tayari wametoka baharini salama. Kutokana na hali ya hewa inavyobadilika, sidhani kuna kazi ya mikono ambayo jamii inaweza kuifanya yenye faida kubwa kuliko kurudisha kivuli kwenye vijito vya juu, ambavyo ni vyembamba na hufunikwa na miti upesi.

Njia ya bei nafuu kuliko zote ni vijiti vya mierebi. Hukatwa wakati wa majira ya baridi, mti ukiwa umelala, katika urefu wa sentimita 60 hadi 90 na unene wa kidole gumba au zaidi. Upande wa chini hukatwa mshazari ili mtu asikosee, kwa sababu kijiti kilichopandwa kichwa chini hakichipui. Theluthi mbili huzamishwa ardhini hadi kufikia unyevu, na vijicho viangalie juu. Nyuma ya mierebi, mahali pakavu zaidi, hupandwa miti ya kudumu ya eneo hilo, kama mierezi na misonobari, ambayo siku moja itaanguka mtoni na kuwa makazi. Chagueni mbegu za bondeni humo, na ondoeni kwanza magugu vamizi. Gugu liitwalo knotweed la Kijapani lisikatwekatwe ovyo, kwani kipande kidogo cha shina au mzizi kikisombwa na maji huota upya kilomita kadhaa chini.

Palipo na mifugo, uzio hutangulia miti. Ng'ombe hula miche, hubomoa kingo na kutia tope juu ya viota. Mfugaji akiambiwa tu aondoe ng'ombe wake mtoni, atakataa, na ana haki ya kukataa; akipewa uzio, birika la kunyweshea lililo mbali na ukingo, na kivuko kimoja kilichojengwa vizuri, mara nyingi atakubali, kwa sababu maji safi ya birika humfaa hata yeye.

Kuna jambo moja ambalo wanaopenda usafi hulipokea kwa shida: magogo yaachwe mtoni. Kuanzia miaka ya 1950 maofisa wa Marekani waliyatoa magogo mitoni wakiamini yanawazuia samaki, na vijito vikageuka mifereji iliyonyooka ambamo changarawe husombwa na vifaranga hukosa pa kujificha. Leo fedha nyingi hutumika kuyarudisha. Biva naye, mnyama mgugunaji wa majini anayekata miti kwa meno na anayehesabiwa na wengi kuwa msumbufu, hujenga vizuizi vya matawi vinavyotuliza maji, kuinua maji ya ardhini na kuunda madimbwi ambamo koho wachanga hunenepa. Pale ambapo kazi yake inatishia barabara, kuna mabomba maalumu yanayoshusha kina cha dimbwi bila kumwondoa.

Kazi yoyote ndani ya maji, hata ya kuweka gogo moja, inahitaji kibali na mhandisi au mtaalamu wa mito, na karibu kila nchi ina majira yanayoruhusiwa, kwa kawaida kiangazi, wakati ambapo hakuna mayai changaraweni. Kupanda miti ukingoni huwa na masharti mepesi zaidi, na ndiyo sababu vikundi vipya huanza nako.

Mji, mashamba na mifereji

Kwa miaka mingi koho waliokuwa wakiingia kwenye vijito vya mijini karibu na Seattle walionekana wakizunguka ovyo na kufa saa chache baada ya mvua, matumbo yakiwa bado yamejaa mayai. Utafiti uliotangazwa Desemba 2020 ulimtambua muuaji: kemikali inayotokana na kinga inayotiwa kwenye mpira wa matairi, ambayo hugeuka sumu ikikutana na ozoni hewani na husombwa na mvua pamoja na vumbi la matairi. Habari njema ni kwamba maji hayohayo yakipitishwa kwenye udongo uliochanganywa mchanga na mboji, koho hawafi. Kikundi cha mjini kinaweza basi kutafuta ni mifereji ipi ya barabara kubwa inayomwaga moja kwa moja kijitoni, kisha kuishawishi halmashauri kuchimba bustani za kuchujia maji ya mvua kando ya barabara hizo.

Mashambani, swali ni maji kiasi gani yanabaki mtoni mwezi wa mwisho wa kiangazi. Kila mfereji wa umwagiliaji uwe na wavu mdomoni, kwani vifaranga huufuata mkondo na kuishia shambani. Kisha kuna makubaliano ya maji yenyewe: Oregon, kwa mfano, tangu mwaka 1987 sheria inatambua maji yaliyoachwa mtoni kwa ajili ya samaki kuwa ni matumizi halali, na mkulima anaweza kukodisha haki yake kwa mto bila kuipoteza. Mtu wa kikundi anayekwenda kuzungumza na wakulima awe ni mtu anayeaminika kwao, aende na vipimo mkononi, na aanze kwa kusikiliza.

Vifaranga vya kituoni, vizimba na wavuvi

Vituo vya kutotoleshea samoni vimekuwepo Marekani tangu karne ya 19, na bado samoni wa asili wameendelea kupungua. Samaki aliyelelewa kwenye tangi huzoea chakula cha kumwagiwa na hukosa maadui, na kasoro hiyo hurithiwa. Utafiti wa mto Hood, Oregon, uliochapishwa mwaka 2007 kuhusu samaki wa jamaa ya samoni, ulionyesha kwamba uwezo wao wa kuzaa porini ulipungua kwa takriban asilimia 40 kwa kila kizazi kilicholelewa kituoni. Sisemi kituo hakina nafasi kamwe: ukoo uliobaki na samaki wachache unaweza kuokolewa nacho kwa muda. Lakini uamuzi huo ufanywe na wataalamu wa vinasaba pamoja na wenyeji, uwe na tarehe ya mwisho, na usitumike kufidia kalavati ambalo hakuna anayetaka kulitengeneza.

Vizimba vya samoni wa kufugwa baharini huleta chawa wa baharini wanaowashambulia wachanga wanaopita, na samaki wanaotoroka huzaana na wa asili. Hapa jamii haina kazi ya mikono. Ina kazi ya kuhudhuria vikao vya leseni na kudai takwimu za chawa na za waliotoroka zitolewe hadharani. Serikali ya Kanada ilitangaza mwaka 2024 kwamba vizimba vya nyavu vya samoni katika British Columbia vitakoma kufikia katikati ya mwaka 2029.

Wavuvi wa burudani wahesabiwe kuwa washirika, kwa kuwa ndio walio mtoni kila siku. Waombwe kuandika kila samaki, kutumia ndoana isiyo na kijiba cha kurudi nyuma kwenye ncha, kumfungua samaki akiwa ndani ya maji, na kuacha kabisa kuvua joto linapofika nyuzi 20, hata kama sheria bado inaruhusu. Vyombo vioshwe na kukaushwa kabla ya kuhamia mto mwingine. Norwei ilipoteza samaki wa mito mingi kutokana na kimelea kidogo kiitwacho Gyrodactylus salaris kilichoingia miaka ya 1970, na hadi leo kuna vituo vya kusafishia zana kando ya mito yake. Wakati mwingine hata kujizuia kabisa hulazimika: uvuvi wa samoni katika mto Deatnu, mpakani mwa Norwei na Ufini, ulifungwa kuanzia mwaka 2021, hatua iliyowaumiza Wasami, wenyeji wa asili wa huko, ambao maisha yao yamejengwa juu ya mto huo. Maumivu ya namna hiyo yatambuliwe waziwazi. Raia wa Aislandi, Orri Vigfússon, alipoanzisha mfuko wake wa fedha za kuokoa samoni mwaka 1989, aliwalipa wavuvi wa nyavu za baharini ili waache kuvua, wala hakuwatupia lawama, na mikataba mingi ikafungwa kwa njia hiyo.

Kazi ya miaka ijayo

Miche inayopandwa kwa shangwe hufa kiangazi cha kwanza ikiwa hakuna wa kuipalilia na kuimwagilia, kwa hiyo msipande zaidi ya mnavyoweza kutunza kwa miaka 3. Wekeni katika bajeti fedha za kutengeneza uzio na kubadilisha miche iliyokufa, na mwambieni mfadhili hilo mapema. Baada ya kila mafuriko makubwa mto utembelewe, kwa kuwa magogo huhama na makalavati huziba.

Msitarajie hesabu ya samaki kupanda mwaka unaofuata. Vifaranga wanaotoka katika kijito kilichofunguliwa leo watarudi baada ya miaka 2 ikiwa ni wa waridi, lakini chinuki huweza kuchukua miaka 5 au zaidi, na hali ya bahari huweza kuficha faida yote ya mto kwa misimu kadhaa. Ndiyo maana pamoja na wazazi wanaorudi, hesabuni pia vifaranga wanaotoka wakati wa machipuko, kwani hao ndio wanaoonyesha kama kazi ya mtoni imezaa matunda. Linganisheni kijito mlichokarabati na kingine cha jirani ambacho hamkukigusa, kwa njia zilezile na katika majuma yaleyale. Rekodi za joto, viota, mizoga na picha ziwekwe katika nakala mbili, moja kwa katibu wa kikundi na nyingine katika ofisi ya uvuvi au maktaba, na mtu wa pili afundishwe kuzisoma kabla wa kwanza hajaondoka.